Mafuta ya breki: DOT 3, DOT 4 au DOT 5? Soma hapa kabla hujaenda duka la spea

Kila ikikaribia Desemba, watu wakianza kujiandaa kwenda mikoani, swali hili linarudi: eti mafuta ya breki yapi ni bora, DOT 3 au DOT 4? Majibu ya mtaani ni kibao. Mmoja atakwambia namba kubwa ndiyo bora. Mwingine atakwambia yote ni yale yale, tofauti ni bei tu. Halafu kuna wale jamaa wa "weka hata haidroliki, gari itatembea". Huyo wa mwisho mkimbie kabisa, na hapa chini nitaeleza kwa nini.

Jibu fupi kwa wale ambao dakika zao za kafe zinakwisha: fungua boneti, tafuta kile kikopo cha mafuta ya breki upande wa dereva, soma maandishi ya juu ya kifuniko. Kilichoandikwa pale ndicho cha kununua. Nunua chupa mpya iliyofungwa. Na kama mafuta yaliyomo yamepitisha miaka 2, usiongezee juu yake, badilisha yote. Wenye muda tuendelee, maana ukishajua sababu hata fundi hatakuyumbisha.

MGUU WAKO HAUFIKI KWENYE TAIRI

Ukikanyaga breki, unachosukuma wewe ni pistoni iliyo ndani ya masta silinda. Pistoni inasukuma mafuta, mafuta yanapita kwenye vibomba vyembamba mpaka kwenye kila tairi, na kule yanasukuma pistoni nyingine zinazobana pedi kwenye diski, au zinazotanua viatu vya breki ndani ya ngoma. Waliosoma fizikia sekondari wanaikumbuka kanuni ya Pascal: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo unasambaa sawasawa pande zote. Breki ya gari ndiyo hiyo kanuni.

Sasa yote haya yanategemea kitu kimoja, kwamba kimiminika hakibonyei. Hewa inabonyea. Mvuke unabonyea. Chukua bomba la sindano ambalo halina sindano, vuta maji, ziba tundu kwa kidole kisha sukuma. Halisogei. Rudia na hewa tupu, utaona linaingia na kurudi kama springi. Kikiingia kiputo cha hewa au mvuke kwenye bomba la breki, mguu wako unaishia kubonyeza kile kiputo na kwenye tairi hakifiki kitu. Gari linaendelea na safari yake.

Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917, na gari la Duesenberg Model A la mwaka 1921 lilitoka na breki hizo kwenye tairi zote 4. Miaka ile ya mwanzo walitumia mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na pombe kali ya viwandani. Ndiyo, nyonyo hii hii ambayo dada zetu wanapaka kichwani! Yaliacha kutumika magari yalipozidi kuwa mazito na yenye kasi, kwa sababu breki zilizidi kupata moto na mchanganyiko ule haukuhimili.

MOTO NDIYO HABARI YENYEWE

Breki haiondoi mwendo wa gari ikaupeleka hewani bure. Inaugeuza kuwa joto. Tuchukue mfano wa Lushoto kushuka Mombo, barabara ya kona kwa kona wanayoijua watu wa Tanga. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukifika Mombo umeshuka kama mita 1,000. Vitz yenye watu 5 na mizigo ni kama kilo 1,300. Piga hesabu ya fizikia ya kawaida: kilo 1,300 mara 9.8 mara mita 1,000, unapata karibu jouli milioni 12.7. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 40 za maji kutoka baridi ya bombani hadi kutokota. Ndoo mbili kubwa zile za lita 20! Injini na upepo vinachukua sehemu yake, lakini dereva anayeshuka na gia kubwa huku amelalia breki, sehemu kubwa ya joto hilo anaipeleka kwenye vidiski viwili vya mbele na pedi zake. Na nyuma ya pedi, milimita chache tu, kuna mafuta ya breki.

Sasa unaona kwa nini sifa kuu ya mafuta ya breki ni yanachemka kwenye nyuzi ngapi. Sio rangi, sio harufu, na sio utelezi kama oili ya injini.

Namba za DOT zimetokana na herufi za Idara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo imeweka viwango vya chini ambavyo kila aina lazima ifikie. Kila aina ina vipimo viwili. Kimoja cha mafuta mapya makavu, kingine cha mafuta yaliyokwisha kuingiwa na maji, na kwa hicho cha pili wanachukulia maji yamefika kama asilimia 3.7. Viwango vyenyewe ni hivi:

DOT 3: makavu nyuzi 205 za Selsiasi, yenye maji 140.
DOT 4: makavu 230, yenye maji 155.
DOT 5.1: makavu 260, yenye maji 180.
DOT 5: makavu 260, yenye maji 180 (lakini hii DOT 5 ni mnyama mwingine kabisa, subiri).

Angalia vizuri hizo namba. DOT 4 iliyozeeka, nyuzi 155, inachemka mapema kuliko DOT 3 iliyotoka dukani leo, nyuzi 205. Tofauti ni nyuzi 50! Kwa hiyo mshkaji anayejisifu kwamba kwenye gari lake kuna DOT 4 tangu mwaka 2019, anazidiwa na mwenye DOT 3 ya mwezi uliopita. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanabishana kuhusu namba huku hakuna anayeuliza mafuta yana umri gani.

MAJI YANAINGIAJE WAKATI KIFUNIKO KIMEFUNGWA?

Mafuta ya DOT 3, 4 na 5.1 yanavuta unyevu wa hewani kama chumvi iliyoachwa wazi. Mnaokaa Dar, Tanga, Unguja au Mombasa mnajua chumvi inavyokuwa ndani ya siku mbili ukisahau kufunika. Unyevu unapenya taratibu kwenye mipira ya breki, na kwenye kifuniko cha kikopo pia kuna kijitundu cha kupumulia. Kila ukifungua kifuniko "kuchungulia tu", unakaribisha mwingine. Gari likae limepaki au litembee, unyevu hauna habari.

Na hiyo asilimia 3.7 msiione kubwa. Kwenye lita moja ni kama vijiko 7 vya chai. Vijiko 7 tu na mafuta yako yameshuka kutoka 205 hadi 140.

Kwa nini basi wametengeneza mafuta yanayovuta maji? Wengi wanadhani ni kasoro. Ukweli ni kwamba maji yataingia kwa njia yoyote ile, na ni afadhali yachanganyike kwenye mafuta yote kuliko yajikusanye sehemu moja ya chini, kule kwenye pistoni ya tairi, ambapo yangechemka kwenye nyuzi 100 na kuotesha kutu papo hapo. Kutu inakuja hata hivyo ukikaa na mafuta mazee miaka mingi. Pistoni zinaanza kukwama, gari linavuta upande mmoja ukifunga breki, na kifaa cha ABS nacho kinaweza kuharibika. Bei ya kifaa cha ABS kaulize dukani mwenyewe, mimi sitaki kuwatisha.

Hapo ndipo ilipo hatari ya safari za Desemba. Gari la mjini Dar linakaa mwaka mzima kwenye foleni. Breki zinakanyagwa sana lakini kwa mwendo mdogo, hazipati moto wa maana. Mafuta yameshiba maji na dereva hana habari, pedali iko ngumu vizuri tu. Halafu anaenda Iringa. Kwenda, mlima Kitonga anaupanda, hakuna tatizo. Kurudi anaushuka, gari limejaa watu, mchele na magunia ya viazi. Ndiyo mara ya kwanza kwa mwaka mzima breki zile kupata moto wa kweli. Kenya nao wana mteremko wa Mai Mahiu, na ule mrefu wa Salgaa ambao umeua watu wengi. (Malori makubwa na mabasi mengi makubwa yanatumia breki za upepo, kwa hiyo ajali zao ni somo jingine. Hapa nazungumzia gari dogo, Noah, Hiace na pickup.)

BREKI IKIZAMA INAKUWAJE

Kuna aina mbili za kukosa breki mteremkoni na watu wanazichanganya. Ya kwanza, pedali ni ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote lakini gari halipungui, na kunanuka kuungua. Hizo ni pedi zimezidiwa na joto, mafuta yako sawa. Ya pili, pedali inazama mpaka chini kama unakanyaga sponji. Hayo ndiyo mafuta yamechemka na mvuke umeingia kwenye bomba.

Hii ya pili ina tabia mbaya ya kuficha ushahidi. Breki zikipoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedali inapanda tena ngumu vizuri. Unampelekea fundi kesho yake, anakanyaga, anakwambia "mkuu mbona breki safi tu, labda ulichanganyikiwa". Hukuchanganyikiwa. Mwambie abadilishe mafuta.

Jambo jingine ambalo madereva wengi hawalijui: mafuta yanaweza kuchemka baada ya kusimama. Ukiwa unatembea, upepo unapooza diski. Ukisimama ghafla kununua nyanya katikati ya mteremko, upepo hakuna, na joto lote la diski linapanda kwenye pistoni na mafuta yake. Unarudi kwenye gari baada ya dakika 10, unaondoka, unakanyaga, hamna kitu. Kwa hiyo ukisimama baada ya mteremko mkali, kabla hujaondoa gari kanyaga pedali kwanza uisikie.

Ikizama ukiwa kwenye mwendo: kanyaga haraka haraka mara nyingi, mara nyingine inakusanya nguvu kidogo. Papo hapo shusha gia moja moja. Kwa otomatiki toa kwenye D, peleka 2, kisha L (nyingine zimeandikwa S au B). Handibreki kwenye magari mengi madogo inavuta kwa waya, haitegemei mafuta, kwa hiyo bado unayo. Ivute taratibu ukiwa umebonyeza kile kitufe ili uweze kuiachia, maana ukiivuta ghafla tairi za nyuma zinafunga na gari linageuka. Noah nyingi ni ya mguu, hiyo ikanyage kidogo kidogo. Dawa ya kwanza lakini ni kuanza mteremko na gia ndogo tangu juu, injini ibebe uzito, na breki ukanyage kwa vipindi badala ya kuilalia.

HAYA, GARI LAKO LINATAKA IPI?

Kifuniko, kifuniko, kifuniko. Kama maandishi yamefutika soma kitabu cha gari. Toyota nyingi za mtaani, Vitz, IST, Corolla, Noah, ni DOT 3. Kwa gari lililoletwa kutoka Japani unaweza kukuta kumeandikwa Kijapani na katikati ukaona BF-3. Usihangaike, BF-3 ni kiwango cha Kijapani kinacholingana na DOT 3, na BF-4 inalingana na DOT 4. Magari ya Ulaya, Volkswagen, BMW, Mercedes, Land Rover za miaka ya karibuni, mara nyingi ni DOT 4, na baadhi yanataka DOT 4 nyepesi maalumu kwa ajili ya ABS na mifumo ya kuzuia kuteleza. Ukikuta kwenye kitabu kumeandikwa ISO 4925 Class 6, tafuta chupa yenye maandishi hayo hayo.

Je, gari la DOT 3 naweza kuweka DOT 4? Unaweza. Zote zimetokana na familia moja ya kemikali, zinachanganyika, na mipira haidhuriki. Kwa mtu wa milimani, Lushoto, Njombe au Mbeya, mimi naona ni hela iliyotumika vizuri, mradi ubadilishe yote. Ukimimina DOT 4 kidogo juu ya DOT 3 nzee umepata DOT 3 nzee iliyoongezewa. Pia usidhani DOT 4 inadumu zaidi, nayo inavuta maji vile vile na inabadilishwa kwa muda ule ule.

Kinyume chake, gari la DOT 4 kuweka DOT 3, USIFANYE. Haitaua mipira, lakini umeshusha kiwango ambacho mtengenezaji alikipigia hesabu.

Sasa huyu mnyama DOT 5. Ukiona namba utadhani ni kaka yake DOT 4. Sio ndugu kabisa. DOT 5 ni silikoni, rangi yake zambarau, haichanganyiki na hizo nyingine, haichanganyiki na maji, na haifai kwa ABS kwa sababu inashika viputo vidogo vidogo vya hewa. Imetumika kwenye magari ya jeshi la Marekani, na pikipiki za Harley-Davidson za miaka ya nyuma. Kama huna kifaru wala Harley achana nayo. Ila DOT 5.1 ni ya familia ya 3 na 4, inachanganyika nazo. Ndiyo, waliotoa majina walitutesa. Ile nukta na 1 vinabadilisha kila kitu, kwa hiyo ukimtuma kijana dukani mwandikie kwenye karatasi.

HAIDROLIKI NA OILI: HAPA HAKUNA MJADALA

Mipira ya ndani ya masta silinda na pistoni imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki. Ikikutana na mafuta ya petroli ya aina yoyote, iwe oili ya injini, haidroliki ya usukani, ATF ya gia au dizeli, inavimba na kulegea kama maandazi kwenye chai. Mwanzo breki zinafanya kazi, na ndiyo maana yule jamaa anakwambia "mbona mimi niliweka ikaenda". Baada ya muda mipira iliyovimba inakwama, breki zinajishika zenyewe na tairi kupata moto, au zinavuja na kuisha kabisa. Na ukishachanganya, kumwaga na kusafisha hakutoshi. Mipira yote iliyoguswa inabadilishwa, masta silinda, pistoni, mipira ya bomba, kila kitu. Chupa moja ya kuokoa shilingi inageuka kuwa bili ya gereji ya wiki nzima.

Kuna kipimo cha nyumbani kama una wasiwasi na kilicho ndani ya kikopo. Nyonya mafuta kidogo kwa bomba la sindano, dondoshea matone kadhaa kwenye glasi ya maji safi na ukoroge. Mafuta ya breki ya kawaida yanayeyuka na kupotea ndani ya maji. Yakielea juu kama mafuta ya kupikia, humo kuna oili, haidroliki au DOT 5. Usiwashe gari kwenda popote, mwite fundi. Glasi hiyo usiirudishe jikoni.

DUKANI

Angalia namba ya DOT imeandikwa wazi, na muhuri wa chini ya kifuniko haujaguswa. Kwenye chupa zinazofuata sheria ya Marekani kumeandikwa pia kiwango cha chini cha kuchemka yakiwa na maji, na wao wanatumia Farenhaiti: 284 ni DOT 3, 311 ni DOT 4. Chupa inayodai DOT 4 halafu imeandikwa 284, muulize muuzaji imekuwaje.

Yanayopimwa kutoka kwenye dumu lililo wazi usinunue hata kwa nusu bei. Hujui limekaa wazi tangu lini, na kama lilikuwa limebeba nini kabla. Kwa gari dogo lita moja inatosha kubadilisha yote na kusafisha bomba. Nunua chupa ndogo mbili za nusu lita kuliko kubwa moja, ili ikibaki ibaki haijafunguliwa. Iliyofunguliwa ikibaki nusu usiiweke mpaka mwakani.

KIWANGO KIKISHUKA USIKIMBILIE KUONGEZA

Kikopo kina mistari miwili, MAX na MIN. Mafuta ya breki hayaungui kama oili, hayapungui bila sababu. Sababu ni mbili tu. Pedi zimelika, pistoni zimesogea mbele na mafuta yamezifuata, hiyo ni kawaida. Au kuna mahali panavuja, hiyo ni hatari. Chungulia ndani ya kila tairi, na chini ya pedali ya breki, uone kama kuna unyevunyevu. Ukiongeza bila kuangalia umezima kengele. Halafu siku fundi akiweka pedi mpya, pistoni zinarudi nyuma na mafuta uliyoongeza yanafurika. Na mafuta haya yanakula rangi ya gari! Yakidondoka kwenye bodi mwagia maji mengi mara moja, usisubiri.

Wenye gari za manyoa wakumbuke klachi nyingi nazo zinatumia mafuta haya haya, na nyingine zinashirikiana kikopo kimoja na breki. Na wenzetu wa bodaboda zenye diski mbele, kile kikopo kidogo kwenye usukani nacho kina mafuta ya breki, na kina namba yake juu ya kifuniko. Ni kidogo sana kwa hiyo kinazeeka haraka.

KUBADILISHA MWENYEWE NYUMBANI

Inawezekana kama mko wawili na mna akili iliyotulia. Nyonya mafuta mazee ya kwenye kikopo kwa bomba la sindano, jaza mapya. Inua gari kwenye stendi imara, jeki peke yake haitoshi. Kwa Toyota nyingi anza na tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda, yaani kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni nyuma kushoto, lakini baadhi ya gari zina utaratibu wao kitabuni. Kwenye pistoni kuna kinati chenye tundu cha kutolea upepo, mara nyingi spana namba 8 au 10. Vika mpira mwembamba unaoonyesha, ncha nyingine ichovye kwenye chupa yenye mafuta mapya kidogo. Mwenzako anakanyaga taratibu na KUSHIKILIA chini, wewe unalegeza kinati, mafuta mazee yanatoka, unakaza, ndipo unamwambia aachie. Akiachia kabla hujakaza mnavuta hewa ndani na kazi inaanza upya. Endeleeni mpaka yatoke mapya yasiyo na viputo, kisha tairi inayofuata.

Kila baada ya kukanyaga mara 5 au 6 angalia kikopo. Kikikauka hewa inaingia mpaka kwenye ABS, na kwa gari nyingine kuitoa kunahitaji mashine ya kompyuta. Mkimaliza, washa injini, kanyaga uone pedali iko juu na ngumu, kisha jaribu breki uani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kama inazama hata kidogo gari halitoki getini.

Mafuta mazee usiyarudishe ndani hata kama yanaonekana safi, rangi haisemi yana maji kiasi gani. Usimwage mtaroni. Na tafadhali sana usiyahifadhi kwenye chupa ya maji au ya soda. Rangi yake ni kama juisi au asali nyepesi, na ni sumu. Kama kuna watoto nyumbani, yafungie kwenye chupa yake mwenyewe na uyapeleke gereji wanakokusanya oili chafu.

Kama umenunua gari kutoka kwa mtu, au limetoka bandarini juzi, hesabu kwamba mafuta hayajawahi kubadilishwa. Japani magari mengi hubadilishiwa wakati wa ukaguzi wao wa kila miaka 2, lakini gari limeshakaa yadi, likakaa melini, likakaa bandarini, na karatasi za matengenezo mara nyingi hazifiki huku.

Wenye Subaru, Nissan na gari za Ulaya, hebu kafungueni boneti mtuandikie hapo chini kifuniko chenu kimeandikwa nini, na aina ya gari na mwaka wake, ili mwingine mwenye gari kama lako akiingia hapa akute jibu.